Saa Moja na Nusu Hadi Mwanza

Baba mdogo alinipigia simu saa tisa alasiri, nikiwa sokoni Mabibo, nyuma ya lori la ndizi lililotoka Tukuyu. Vijana walikuwa wanashusha, mie nachagua mikungu. Kelele zilikuwa nyingi, ikabidi nizibe sikio moja kwa kiganja.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Kesho saa nne asubuhi tuna kikao cha ukoo hapa nyumbani kwa marehemu. Tunataka tumalize lile suala la mama yako na nyumba."

"Kesho hii?"

"Kesho. Wazee wote wamepatikana, na kuwapata wote siku moja si kazi ndogo. Ila wewe usijisumbue. Tunajua uko mbali. Tutakuwakilisha."

Nikamuuliza atakayeniwakilisha ni nani. Akasema mtandao unasumbua, hanisikii vizuri, akakata. Mie nilikuwa namsikia vizuri sana.

Hilo neno "mbali" nimeambiwa tangu nina miaka kumi na tisa, siku nilipoondoka Mwanza na begi moja la kitambaa nikaja kushuka stendi ya Ubungo, enzi hizo mabasi yote ya mikoani yakiishia pale. Shangazi mmoja alisema mtoto akishafika Dar ni kama kaolewa na mto, maji hayarudi nyuma. Nilirudi. Si kila mwaka, maana biashara ya ndizi haina likizo, ila nilikuwa narudi, nakaa wiki, namsaidia mama kupaka chokaa, nakaa na baba kibarazani tukisikiliza redio. Lakini kwenye mambo ya ukoo jina langu lilikuwa halitajwi bila lile neno kufuata. Mtoto wa kwanza yuko mbali. Tungemwuliza, lakini yuko mbali. Wadogo zangu wawili walifariki utotoni, kwa hiyo mtoto wa kwanza na wa mwisho ni mie. Ukisema huyo yuko mbali, umesema baba yangu hana mtoto.

Na neno hilo lilishaniuma mara moja vibaya sana, miezi minne kabla ya simu ile. Baba alifariki jioni. Mama alinipigia analia, nikamwambia nakuja. Alfajiri nikapanda basi. Nilikuwa kwenye kiti cha dirishani, tumeshapita Dodoma, jua linawaka, nilipopigiwa na baba mdogo kuambiwa kwamba wameshazika. Walizika saa nane mchana. "Tusingeweza kusubiri," alisema. "Dar ni mbali, na hali ya mwili ilikuwa hairuhusu." Baadaye nilikuja kujua mwili ulikuwa umehifadhiwa vizuri tu hospitalini na ungeweza kukaa siku tatu. Lakini wakati ule, mle ndani ya basi, niliamini. Nililia hadi Singida. Nilifika Mwanza usiku, udongo wa kaburi umeshakauka juu.

Sasa sikilizeni kilichonichoma zaidi. Niliporudi Dar, niliingia kwa jirani yangu wa pale sokoni, mzee mmoja wa Kiarabu ambaye familia yake imefanya biashara mjini hapa tangu enzi za babu zao. Anauza magunia, kamba na mizani. Alinipa pole, akaninunulia kahawa, akasikiliza habari za basi na za kaburi. Kisha akauliza taratibu, bila ubaya wowote, "Dada, kwa nini hukupanda ndege?"

Nikamtazama. Ndege? Mie?

"Mie nikiwa na shughuli Mwanza naondoka asubuhi, narudi jioni naswali magharibi hapa hapa," alisema. "Ni saa moja na nusu. Haifiki hata, wakati mwingine."

Ninyi mnaosoma mnaweza kushangaa mtu mzima aliyekaa Dar miaka zaidi ya ishirini hajui hilo. Nilikuwa najua ndege zipo. Kila siku zinapita juu ya vichwa vyetu. Lakini nilikuwa nimezipanga kwenye kabati la vitu vya watu wengine: wabunge, wazungu, watu wa semina. Umbali wangu mie nilikuwa naupima kwa ndizi. Ndizi ya Moshi inafika ikiwa kijani kabisa. Ya Tukuyu inafika nyingine zimeanza kuchungulia njano. Basi Mwanza nilikuwa nimeiweka huko ambako ndizi ingefika imeoza. Zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, siku nzima na kipande cha usiku. Hewani, kilomita mia nane na hamsini hivi, na saa moja na nusu.

Saa moja na nusu! Madale ninakoishi hadi Mabibo ninakofanyia kazi, siku ya mvua, ni zaidi ya hapo. Nilikosa kumzika baba yangu kwa safari ambayo ni fupi kuliko yangu ya kwenda sokoni. Na wale waliozika haraka walijua. Baba mdogo alishawahi kupanda ndege kuja Dar kwenye harusi. Alijua vizuri sana ni muda gani.

Kwa hiyo siku ile alipokata simu, nilibaki nimeshika mkungu wa ndizi mkononi kama nimebeba mtoto wa mtu. Kijana wa lori akaniuliza, "Mama, huu unauchukua au unauacha?" Nikamwambia weka chini, yote weka chini, nitarudi.

Binti yangu anasoma chuo na analala hosteli za hapo hapo Mabibo, ng'ambo tu ya soko. Nilimkuta anafua. Nikamwambia, "Nikatie tiketi ya ndege ya Mwanza. Ya kesho asubuhi."

Akasimama na povu mikononi. "Mama, una nini?"

"Nina kikao saa nne."

Alifuta mikono kwenye kanga, akachukua simu yake. Alikuwa na haraka kuliko mie. "Ya saa kumi na mbili imejaa," akasema. "Ipo ya saa mbili. Inatua saa tatu na nusu. Mama, ni pesa nyingi lakini."

"Nilikuwa nimeweka za mabati ya nyumba ninayojenga."

"Na nyumba je?"

"Nyumba ya Madale itanisubiri. Ya Mwanza haitanisubiri."

Sikumwambia zaidi, lakini alikuwa mtu mzima, alielewa. Aliniuliza kama naijua njia ya kule uwanjani ndani. Nikamwambia sijui, anieleze. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanichorea kwenye daftari lake la masomo: mlango, mashine ya mizigo, kaunta, mashine nyingine, kusubiri, kupanda. Nimeitunza karatasi ile.

Jioni nilimpigia mama. Alikuwa ameshajikatia tamaa, nilisikia kwenye pumzi. Alisema wamemwambia atahamishiwa kijijini kwa baba mdogo, "akatunzwe", na nyumba ya Igogo itakuwa mali ya ukoo. Alisema wameshapima vyumba. Mtu amekuja na futi akapima chumba chake cha kulala yeye akiwa amekaa kitandani.

"Wewe unataka kwenda kijijini?" nikamwuliza.

"Nani ananiuliza mie?"

"Nakuuliza mie."

Akasema polepole, "Sitaki."

"Basi. Kesho saa nne nitakuwepo."

"Mwanangu, usinidanganye. Basi gani hilo?"

"Sipandi basi. Nakuja na ndege."

Mama alicheka. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia akicheka. "Na nani anakurusha?" aliuliza. Nikamwambia najirusha mwenyewe. Nikamsihi asimwambie mtu.

Kisha nilimpigia mwenyekiti wa mtaa wao, mama mmoja aliyekuwa anauza vitenge karibu na nyumba yetu tangu mie msichana. Yeye alikuwa ameshaalikwa kwenye kikao. Alisema alialikwa aje na muhuri. "Nitakuja," akasema, "lakini nikwambie ukweli. Mama yako mbele ya wale wanaume hasemi. Na wewe kama hupo, mie nitasimama kumsemea nani?"

"Nitakuwepo."

"Kutoka Dar?"

"Kutoka Dar."

Nilitoka nyumbani Madale saa kumi na moja alfajiri. Kule kwetu ni vilima, na mvua ikinyesha barabara inageuka sabuni, na usiku ule ilikuwa imenyesha. Jirani yangu mwenye bajaji alikuwa amekubali kunipeleka, akawa anateremka mlima kwa breki na dua. Tegeta tukapita vizuri. Mwenge vizuri. Nikaanza kujiona mjanja. Tulipofika barabara ya Mandela, Dar ikaamka. Malori ya bandarini mbele, malori nyuma, na katikati yake sie na bajaji yetu kama kiroboto kwenye manyoya. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa Buguruni. Saa moja kasoro dakika kumi tulikuwa Buguruni vile vile.

Binti yangu alikuwa amenionya kwamba kaunta inafungwa mapema. Nikawaza, itakuwa hadithi gani hii, nimeshindwa kufika Mwanza kwa sababu ya Buguruni.

Jirani akasema, "Dada, hapa na bajaji hatutoki. Chukua boda."

Nikamshukuru, nikashuka katikati ya malori, nimevaa gauni langu la kanisani na viatu vya kufunga. Nikamsimamisha kijana wa bodaboda. Nikakunja gauni, nikakaa upande mmoja kama wanavyokaa mama zetu, kijana akakataa, akasema kwa mwendo ninaoutaka nikae vizuri la sivyo ataniokota Tazara. Nikakaa vizuri. Tulipita mahali ambapo hata paka angefikiria mara mbili. Barabara ya Pugu ilikuwa afadhali. Saa moja na dakika kumi na mbili nilikuwa mlangoni pa uwanja wa ndege, nywele zimesimama.

Kwenye mashine ya pili msichana wa ulinzi alinisimamisha. Aliingiza mkono kwenye mkoba wangu akatoa kisu changu cha kukatia vichane. Kina mpini wa mti, nimekitumia miaka, kimelika katikati kama mwezi mwembamba. Nilikuwa nimekisahau kabisa.

"Mama, hiki nini?"

"Kisu cha kazi. Nauza ndizi."

"Hakipandi ndege, mama yangu."

"Kichukue," nikasema. Akanitazama kama alitegemea nibishane. Mie nilikuwa sina muda wa kubishania kisu. Ubishi wangu nilikuwa nimeuhifadhia watu wengine.

Kuhusu ndege yenyewe sina mengi. Ilipoanza kukimbia nilishika kiti cha mbele, na bwana mmoja wa tai aliyekaa pembeni yangu akaniambia nisiogope. Nikamwambia siogopi, nina hasira. Akarudi kwenye gazeti lake. Nilitazama chini. Dar yote, ile inayonichukua nusu siku kuikata kutoka upande mmoja hadi mwingine, ilipita ndani ya muda wa kufunga mkanda. Halafu mawingu, halafu nchi kavu ya rangi ya ngozi ya kondoo, na huku na kule doa la maji. Nilijaribu kutafuta barabara kule chini, ile niliyopita nalia. Sikuiona. Walituletea maji na biskuti. Nilikuwa bado na biskuti mkononi waliposema tunashuka.

Nilidhani kuna hitilafu. Nikamwuliza yule bwana, "Tumefika?"

"Tumefika, mama. Lile ziwa hilo."

Na kweli, lile ziwa. Na mawe yale makubwa yamekaa juu ya mengine kama watu waliobebana. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta. Hayakuwa ya furaha. Nilikuwa nawaza kwamba siku ile, kama ningejua, ningeshuka hapa hivi hivi, saa tatu na nusu asubuhi, na baba yangu bado yuko juu ya ardhi.

Sikuwa na mzigo wa kusubiri. Nikatoka moja kwa moja nikapanda bodaboda nyingine. Igogo ni mlima wa mawe, pikipiki inafika mahali inakataa, na kutoka hapo ni kupanda kwa miguu kwenye ngazi ambazo watu wamejichongea wenyewe. Nilipanda nimeshika viatu mkononi. Majirani walikuwa nje. "Mwangaluka!" mmoja alinisalimia, kisha akaona ni nani, akaweka mkono mdomoni.

Saa nne na dakika kumi nilisimama mlangoni kwetu. Walikuwa wameinamisha vichwa, wanamalizia sala ya kufungua kikao. Wanaume wanane kwenye viti. Mwenyekiti wa mtaa kwenye kigoda, mkoba wake mapajani. Mama yangu chini kwenye mkeka, karibu na mlango wa jikoni, kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Nikasubiri sala iishe. Waliposema amina, na mie nikasema amina.

Baba mdogo aligeuka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukitafuta pa kwenda namna ile.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema. "Mwenyekiti, shikamoo. Shikamoo mama."

Waliitikia ovyo ovyo. Baba mdogo akauliza, "Umetoka wapi?"

"Dar."

"Jana nilikupigia ukiwa Dar."

"Na leo asubuhi nilikuwa Dar pia. Nimepita Buguruni kuna foleni, ndiyo maana nimechelewa dakika kumi. Mnisamehe."

Mwenyekiti wa mtaa aliangalia chini, nikajua anajizuia kucheka. Viti vilikuwa vimeisha. Hakuna aliyesimama. Nikaingia, nikakaa kwenye mkeka kando ya mama. Alinishika kifundo cha mkono na hakukiachia hadi mwisho.

Baba mdogo alikohoa, akasema kwa kuwa mtoto amefika ni jambo jema, basi waendelee. Mbele yake kulikuwa na daftari kubwa jipya. Alilifunga niliposogea kukaa, tena haraka, na mie mtu wa sokoni. Mtu akifunga kitu haraka mbele yangu natamani kukiona.

"Baba mdogo, naomba nione daftari."

"Ni la muhtasari. Utaliona mwishoni, wakati wa kusaini."

"Kikao ndiyo kwanza kimeanza. Kama ni la muhtasari halijaandikwa kitu. Hakuna ubaya nikiliona."

Wazee wakatazamana. Mmoja wao, binamu ya baba, mtu mkimya anayefuga ng'ombe upande wa Magu, akasema, "Mpe tu aone." Baba mdogo akasema daftari ni la katibu. Yule wa Magu akauliza katibu ni nani. Ikaonekana katibu ni baba mdogo. Basi mwenyekiti wa mtaa akanyoosha mkono, na kwake baba mdogo hakuweza kukataa. Mwenyekiti akalifungua, akasoma kwa macho, akanipa.

Kurasa mbili zilikuwa zimejaa. Tarehe ya siku ile. Nikasimama nikasoma kwa sauti, maana nilitaka mama asikie, na yeye hajui kusoma.

"Kikao kilianza saa nne kamili asubuhi. Baada ya majadiliano marefu, wajumbe wote kwa pamoja wamekubaliana kwamba nyumba ya marehemu irudi mikononi mwa ukoo kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Mjane ameridhia kwa hiari yake kuhamia kijijini." Nikafika mstari wa chini, na hapo sauti yangu ilitaka kunikimbia, nikaikamata. "Mtoto wa marehemu hakuweza kufika kutokana na umbali."

Nikashusha daftari. Nje kulikuwa na mtu anaponda karanga, tunausikia kila mpigo wa mchi.

"Baba mdogo," nikasema, "hapa pameandikwa sikufika."

"Ilikuwa ni rasimu tu."

"Na mama ameridhia. Mama, umeridhia?"

Nilidhani hatasema. Mwenyekiti alishanionya, na mie mwenyewe namjua mama yangu. Mbele ya shemeji zake amekuwa akiinamisha macho tangu aolewe. Lakini alikohoa, akajisogeza, na bado ameshika mkono wangu akasema:

"Nyumba hii hakuna aliyetupa. Hapa palikuwa jiwe tupu. Mie na mume wangu tulikoka moto juu ya jiwe, tukalimwagia maji hadi likapasuka. Kila jioni akitoka kazini. Maji nayabeba mie kutoka chini huko, na mimba tumboni. Hamkuwepo hata mmoja. Leo mnapima chumba changu na mie nimekaa kitandani." Akapumua. "Sihami."

Baba mdogo akasimama. Alisema mila ni mila. Alisema mie nimeharibiwa na mji, kwamba Dar inafundisha wanawake kuwapandishia wazee sauti. Akarudia kwamba marehemu hakuacha mtoto wa kiume.

"Hakuacha mtoto wa kiume," nikamjibu. "Aliacha mtoto. Mmekuwa mkisema yuko mbali mpaka mkaamini hayupo. Mlimzika baba yangu mkaniambia mwili haungojei, nami nililia njia nzima nikijilaumu kwa kukaa mbali. Wewe baba mdogo umepanda ndege. Unajua ni saa moja na nusu. Ungeweza kuniambia jioni ile, 'Binti yangu, panda ndege ya asubuhi, tutakusubiri hadi saa nane.' Neno moja tu. Ulijua, ukanyamaza."

Hapo ndipo nilipoona kwamba wale wengine hawakujua. Yule wa Magu aligeuka akamtazama baba mdogo. "Wewe ulituambia mtoto kasema tuzike," alisema. "Ulisema umeongea naye, kasema hawezi kuja."

Baba mdogo alitafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyemaliza. Hakusimama. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kupimia kitenge, kwamba yeye amezoea muhtasari uandikwe baada ya kikao, si kabla, na kwamba muhuri wake haugongwi kwenye karatasi inayosema mtu hayupo wakati mtu yupo mbele yake. Alisema nyumba ni ya mjane na mtoto, na mwenye neno lingine aende mahakamani akalisemee huko. Kisha akaufunga mkoba.

Wazee waliondoka mmoja mmoja. Yule wa Magu alibaki akala ugali na sato wetu, akaniomba radhi kwa habari ya mazishi, na nilimkubalia. Baba mdogo alikwenda zake bila kuaga. Hadi leo hatusemezani. Watu wa ukoo wamenipa jina, wananiita "wa ndege", na najua si sifa. Waniite. Nimeitwa wa mbali miaka yote hiyo, na hili angalau nimelichagua mwenyewe.

Mchana mama alinipeleka kaburini. Nilikuwa nimeshafika pale mara moja, usiku ule, lakini sikuwa nimeliona. Nilikaa chini, nikaweka kiganja kwenye udongo. Sikuwa na maneno makubwa. Nilimwambia baba kwamba mama hahami. Nilimwambia pia sijawasamehe bado, asiniharakishe.

Nilikaa siku tatu. Tuling'oa vile vigingi vidogo ambavyo mtu wa futi alikuwa ameviacha uani. Tiketi yangu ilikuwa ya kwenda tu, kwa hiyo kurudi nilipanda basi, alfajiri, kiti cha dirishani. Na nawaambia nchi hii ni kubwa kweli. Sikatai. Shinyanga, Nzega, Singida, tambarare ile isiyokwisha, alizeti, mbuzi, watoto wanauza karanga dirishani. Mgongo uliniuma kama kawaida. Sikulia. Nilikula kuku wa Singida mzima peke yangu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika Dodoma, na simu ikaita. Alikuwa mama.

"Umefika?"

"Bado, niko Dodoma."

"Baba yako mdogo alikuja mchana. Alisema amefuata kiti chake."

"Ukamfungulia?"

"Nilimpitishia kiti juu ya ukuta," mama akasema. "Geti sikufungua. Jana alasiri ulipokuwa umelala nilimwita fundi, nikabadilisha kitasa. Funguo ziko mbili. Moja nimekuwekea kwenye begi lako, chini kabisa, ndani ya soksi."